Kulala nyumbani au kuharibu kura?

Mkenya aliyechoshwa na ahadi za kampeni ana njia mbili za kununa siku ya uchaguzi. Wengi huchagua kulala. Agosti 2022 waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1, na karibu milioni 8 hawakutokea. William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211 tu. Kulala hakuna foleni wala nauli ya kwenda ulikojiandikishia. Ila ukimya huo hausomeki: aliyenuna, aliyelazwa na aliyekuwa safarini wote wanatiwa kapu moja.

Kuharibu kura makusudi kunataka kuamka alfajiri, na angalau karatasi yako inahesabiwa. Zilizokataliwa mwaka huo zilikuwa 113,614. Lakini aliyekosea alama kwa bahati mbaya naye yumo humo! Tena mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kura hizo zisiingizwe kwenye hesabu ya zaidi ya asilimia 50 anayotakiwa kupata mshindi wa urais, kwa hiyo hazimpunguzii mgombea chochote.

Mimi ningeamka. Siku hiyo unapewa karatasi sita, na ya urais ni moja tu. Ya mwakilishi wadi, yule ninayeweza kumsimamisha njiani nikamuuliza habari za mtaro, ningeitia alama sawasawa.