Inveta ya gari: anza na ndogo

Foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, ndiyo iliyonifunza. Nilizima injini, laptopu ikaendelea kuchaji kwenye inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani) na kifeni kikanipepea. Zamu ya kuingia feri ilipofika nikawasha: tik-tik-tik. Honi nyuma yangu, vijana wakaja kusukuma, na mmoja akaniuliza, "Ami, taa ulizizima?" Taa nilizizima; inveta sikuizima.

Kwa hivyo ya kwanza kwangu wala si inveta. Ni chaja ya USB-C ya wati 65, ile ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Laptopu nyingi mpya zinaikubali, na hupotezi umeme kwa kupandisha volti 12 hadi 240 kisha kuzishusha tena.

Ya pili, inveta ya wati 150. Fyuzi ya tundu la sigara kwa kawaida ni ampea 15 hivi. Zidisha kwa volti 12 upate wati 180, basi. Muuzaji akikuapia kuwa yake ya wati 500 inachomekwa hapohapo, muulize hizo nyingine zitapitia wapi. Hakikisha imeandikwa volti 220 hadi 240, hezi 50, na ina tundu la pini tatu za kwetu. (Baadhi ya Toyota zilizotoka Japani huja na soketi yake, lakini ni ya volti 100. Soma chaja yako kabla ya kuchomeka.)

Ya tatu ni wati 300 yenye mawimbi laini ("pure sine wave"), kwa mwenye kifaa cha mota au cha matibabu. Zile rahisi hutoa umeme wa ngazingazi, feni ikavuma na kupata moto. Hii hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa nyaya nene na fyuzi karibu na chanya ya betri. Mpe fundi wa umeme wa gari, usijaribu mwenyewe.

Ya mwisho, wati 1000 kwenda juu. Mzigo kamili huvuta zaidi ya ampea 80, na alteneta ya gari dogo, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haina cha kubakisha hapo. Achana nayo.

Sasa lile lililonipata mimi. Boksi liliahidi kuwa inveta hujizima betri ikishuka hadi volti 10.5. Kweli hujizima, ila kwa volti hizo gari haliwaki. Betri iliyojaa husoma 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu hivi, na hapo ndipo pa kuchomoa. Nunua yenye skrini ya volti, au kipimavolti cha kuchomeka. Betri ya ampea-saa 45 (Ah) kwa laptopu ya wati 60 ingehimili saa tatu na zaidi kwa hesabu kabla ya kufika nusu, lakini joto la Mombasa huzeesha betri mapema. Mimi ni nusu saa tu injini ikiwa imezimwa. Na usiiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa ili kuchajisha, moshi wake unaua.

Kifeni nimempa mtoto.