TAHADHARI: Beringi za tairi zilizooshwa zinauzwa kama mpya

Wakuu, kabla hujamtumia hela mtu anayeuza beringi za pikipiki kwa picha mtandaoni, pitia hapa kwanza. Jina lake sitaji. Kesho atakuja na jina jingine, ila mchezo ni uleule, na ndio ninaotaka muujue.

Pikipiki yangu ilianza kuyumba mkia kwenye kona. Nikaipandisha kwenye stendi kubwa, nikashika tairi la nyuma juu na chini, nikalisukuma huku nikilivuta. Tk, tk. Nikalizungusha, likatoa mlio kama mtu anatafuna changarawe. Beringi zimekwisha. (Ukifanya hivi, mwenzako aushike mkono wa nyuma unaobeba tairi, maana bushi zake zikiisha nazo hucheza, unaweza ukasingizia beringi bure.)

Nyuma natumia 6302 mbili (hiyo ni namba ya saizi ya beringi). Nikaagiza hizo, na kwa vile mzigo ulikuwa unakuja, nikaongeza 6301 mbili za mbele ziwe akiba. Picha aliyonitumia ilikuwa boksi safi, jina la kampuni kubwa, nailoni haijachanwa. Bei ilikuwa chini ya niliyoizoea, lakini si kwa kiasi cha kunishtua. Angeuza kwa bei ya kutupa ningemkimbia.

Mzigo ukafika. Fundi akafungua habu, yaani kitovu cha tairi beringi zinamokaa, tukagonga za zamani zikatoka kwa jasho, tukasafisha. Beringi mpya ya kwanza ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Tukafurahi! Mimi ndiye niliyesema "kitu orijino hakisumbui."

Upumbavu wangu huo. Beringi ya tairi lazima ibane kwenye habu. Huingia kwa kugongwa taratibu, kwa soketi inayokaa kwenye ringi ya nje, na ukitaka iingie kirahisi unapasha habu moto kidogo au unaiweka beringi kwenye friza kwanza. Ikidumbukia yenyewe kama sarafu mfukoni, ama habu imelika, ama beringi imepitishwa msasa kuondoa kutu mpaka ikapungua. 6302 ni milimita 15 kwa ndani, 42 kwa nje na 13 kwa upana, lakini upungufu wa namna hii ni mdogo sana, kwa venia ya kawaida, kile kipimo cha kubana, unaweza usiuone. Habu ndiyo inauona.

Wiki tatu baadaye mkia ukaanza tena.

Nikampigia muuzaji. "Bosi, fundi wako kagonga vibaya. Beringi ikishafungwa haina garantii."

Kusema ukweli, hoja hiyo inasimama, na ndiyo maana wanaipenda. Fundi akigonga ringi ya ndani, nguvu ya nyundo inapita kwenye gololi na kuchimba vishimo kwenye njia yake, beringi inakufa kabla haijatembea. Akisahau lile bomba linalokaa katikati ya beringi mbili ndani ya habu, ukikaza nati ya ekseli ringi za ndani zinasukumwa kuelekeana na gololi zinabanwa kwa ubavu. Mafundi wanaolipua kazi wapo, nani asiyewajua. Kwa hiyo ukilalamika unaambiwa kagombane na fundi wako, na ushahidi umeshagongwa nyundo.

Ila mimi nilikuwa na zile 6301 za akiba. Hazijagongwa na mtu, ziko kwenye nailoni yake. Nikachana.

Kidole ndani ya tundu: nikahisi mikwaruzo ya mduara. Nikamulika tochi, mistari ya ekseli ipo pale, na doa la kahawia. Beringi ambayo haijawahi kuvaa ekseli imepata wapi alama ya ekseli? Mpira wa pembeni ulikuwa na kovu dogo ukingoni, mahali ulipochokonolewa kwa kitu chenye ncha. Nami nikachokonoa palepale. Juu grisi mpya nyeupe inapendeza, chini yake weusi uliochanganyika na unga wa chuma, na gololi zina madoa kama ndui. Ubavuni, ukiigeuza kwenye mwanga, chini ya maandishi yaliyochomwa upya unaona kivuli cha namba za zamani zilizosuguliwa. Imeokotwa kwenye chuma chakavu, imeoshwa, imepakwa grisi na kutiwa boksi.

Tukafungua na zile za nyuma. Gololi zilikuwa na madoa hayohayo. Vishimo vya nyundo hukaa kwa kupishana sawasawa, kama gololi zilivyopangwa, na havikuwepo. Fundi wangu nikamwomba radhi. Ile beringi yangu mbovu ya mwanzo tulipoijaribisha kwenye habu, ilibana vizuri tu. Habu haikuwa na kosa.

Nilimtumia muuzaji picha zote. Kwanza akataka nimrudishie mzigo "aukague", nikakataa kwa sababu ndio ushahidi pekee nilio nao. Kisha akanifungia.

Sasa mimi beringi ya kwenye picha silipii. Nataka niishike, nitie kidole kwenye tundu, niizungushe. Na hapa wengi hudanganyika: beringi inayozunguka kama pia huwa haiwapi wasiwasi. Mpya yenye mpira pande zote mbili na grisi yake ni nzito kidogo mkononi, laini, na ukiiachia inasimama mapema. Boksi lisikubabaishe, kuchapa boksi ni rahisi kuliko kutengeneza beringi. Kama ni za SKF, kampuni yenyewe ina programu ya simu inayoitwa SKF Authenticate, unawapigia picha wanaikagua. Na umwambie muuzaji utaijaribisha kwenye habu mbele yake. Ukiona anaanza kutafuta maneno, ondoka.

Uliyekwisha kufunga za mtu kama huyu, usisubiri mlio. Tembea kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, gusa habu pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko ulivyozoea, fungua leo. Beringi ikigandamana ukiwa kwenye mwendo, tairi halikuombi ruhusa.

Na beringi zako mbovu usimwachie mtu zikiwa nzima, kwa maana hizo ndizo zinazorudi dukani. Zangu zote nimezipasua kwa nyundo, isipokuwa 6301 moja niliyoihifadhi na boksi lake kwa ajili ya kwenda kulalamika.