Gereji ya mabati ya kijani, Industrial Area Nakuru: miaka nane nikipeleka WRX yangu

Nianze na gari yenyewe ndio mjue naongea juu ya nini. Ni Subaru Impreza WRX ya 2004, chasisi GDA, injini EJ205 ya lita mbili yenye turbo (ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia tano za mkono. Niliinunua Kisumu 2017 kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, ikiwa na kilomita 118,000, na sai imefika 211,000. Hizo zote nimeziendesha mimi, Nakuru kwenda kazini Njoro kila siku na Kisumu kila baada ya miezi miwili kumuona mama. Naipenda hii gari. Lakini leo nataka kuongea juu ya mahali ambapo imewekwa hai, maana watu wananiuliza sana inakuaje gari ya miaka zaidi ya ishirini bado inavuta hivyo.

Gereji haina bango. Uliza yenye mabati ya kijani na mjakaranda langoni, watu wa hapo wanaijua. Mwenyewe sote tunamwita Mzee tu, na ana vijana wanne.

Nilifika kwake 2018 nikiwa na hasira na machozi karibu. Gari ilikuwa imeanza kukohoa nikipandisha Subukia kwenda Nyahururu, ukikanyaga mafuta na turbo ianze kusukuma tu inakohoa inakata, ukiachilia inatulia kama hakuna kitu. Gereji ya kwanza nilikoipeleka waliniambia turbo imekufa, lete 85,000. Na hiyo bei hawakuniambia mimi, walimwambia kaka yangu aliyekuwa amenisindikiza, mimi mwenye gari nimesimama hapo hapo ufunguo mkononi. Hilo liliniuma kuliko bei.

Mzee hakugusa turbo. Aliniangalia mimi akauliza, "Madam, hii kitu ilianza lini, na kabla ianze ulibadilisha nini?" Nikamwambia plagi, zile za kutoa cheche, wiki mbili zilizopita. Hapo hapo akaita kijana. Sasa kwa hizi injini za boxer silinda zimelala ubavuni, plagi zinaangalia kuta za bonneti, kwa hivyo lazima utoe betri na chupa ya maji ya waipa upande mmoja, na boksi ya filta ya hewa upande ule mwingine, ndio mkono upate kupita. Ilipotoka plagi ya tatu Mzee akaipangusa na kitambaa, akaiinua kwa mwanga wa mlango, akapitisha ukucha pole pole kwenye ile kauri nyeupe. Ukucha ukakwama. Akanipa nijaribu na mimi, ukucha wangu pia ukakwama, ufa mwembamba kama unywele, kwa macho huwezi kuuona. Akanieleza, turbo ikisukuma hewa shinikizo ndani ya silinda linapanda, cheche inahitaji umeme wa nguvu zaidi ili iruke, na umeme ukiona njia rahisi kwenye ufa unapitia huko, silinda haiwaki. Zilikuwa plagi feki, kwa boksi safi kabisa na stika inayong'aa, nilizinunua dukani na risiti. Plagi nne halali 6,800, kazi 2,000, nikapanda tena Subukia wiki hiyo hiyo ikivuta kama maji.

Kabla nitoke akaniuliza swali moja tu, mkanda wa taiming ulibadilishwa lini? Nikasema aliyeniuzia alisema umebadilishwa. "Karatasi iko?" Haikuwepo. Akafungua kava ya upande mmoja akaupinda mkanda kwa kidole, na nyufa ndogo ndogo zikafunguka kama magaga ya kisigino. Kwa wale hawajui, hii injini mkanda ukikatika valvu na pistoni zinakutana, hapo sio matengenezo tena, ni injini nzima. Unatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 na mimi nilikuwa nimeshapita. Tulibadilisha mkanda, tenshena inayoukaza, aidla zote zinazouongoza na pampu ya maji pamoja, kwa sababu kazi ya kufika hapo ni moja, haina maana ufungue mara mbili. Vitu vyote vya zamani aliviweka kwa karatasi ya gazeti akanipa niende navyo. Huo ndio utaratibu wake mpaka leo, spea iliyotoka ni yako, unaiona, unaishika.

Kila mwaka ananipimia kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, na namba anaandika na kalamu kwa kadibodi anaibandika ndani ya bonneti. Ya mwisho ilisoma 152, 150, 150, 147. Yeye anasema sio namba yenyewe inayomtia wasiwasi, ni silinda moja ikiachana na wenzake. Mtu mwingine angekuambia "injini iko poa" na umwamini tu, Mzee anakuachia maandishi na ukitaka mwaka kesho unalinganisha mwenyewe.

Mambo ya kuiboresha sasa, na hapa najua kuna watu hatutaelewana. 2019 nilipata springi fupi nikataka gari ikae chini, nilikuwa nimeona picha. Mzee alisema atafunga kwa sababu gari ni yangu, lakini akaniomba nirudi baada ya mwezi nimwambie vile naona. Sikumaliza mwezi. Matuta ya Nakuru tunayajua, mengine yamejengwa na wananchi wenyewe usiku, na pale kwa kuingilia Njoro sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ilibusu lami mara tatu kwa wiki moja. Niliporudi hakusema lolote la kunisuta, alizitoa tu akazifunga kwa gunia.

Tangu hapo tumeijenga kwa njia ingine. Shoki mpya za gesi za urefu wa kawaida, stabilaiza nene ya nyuma (chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona) iliyotoka kwa STI, Impreza ya michezo zaidi, bushi zote mpya, tairi 205/55R16 badala ya 205/50 iliyokuja nayo, ambayo inaongeza karibu sentimita moja chini ya gari. Na chini ya sampu kuna bamba la alumini alilokata kijana wake pale pale, na amelitoboa tundu mahali pa kumwaga oili ili lisitolewe kila sevisi. Hiyo stabilaiza ndiyo kitu kilichobadilisha gari kuliko vyote. Zamani ukiingia kona kwa kasi pua ilikuwa inakataa, inataka kwenda moja kwa moja, sasa inageuka na wewe, unaisikia kiunoni. Na ukitaka ushahidi kwamba gari ya michezo haihitaji kulala chini, nenda Elmenteita au Soysambu wakati wa Safari Rally, tangu ilipoingia tena kwa mashindano ya dunia 2021 mimi sijakosa hata moja, uangalie vile zile gari zimesimama juu. Impreza ya Colin McRae iliyoshinda Safari 1997 ilisimama juu vile vile.

Nguvu ya injini hatujaongeza na sina haja. Hii gari iliundwa kwa petroli ya Japani, ile yao ya bei ya juu inafika oktani 100, na super yetu iko chini ya hapo. Ukiongeza presha ya turbo kwa petroli kama hiyo mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni ndizo zinalipa. Vijana wawili wamekuja hapo nikiwepo wakitaka presha iongezwe, Mzee akakataa pesa yao.

Breki niziongelee vizuri kwa sababu hapo ndipo niliogopa kweli. Ukitoka Kericho kushuka kwenda Awasi na Ahero unatoka baridi ya majani chai unaingia joto la mpunga, na mteremko ni mrefu, malori mbele yako, unakanyaga breki tena na tena. Siku moja pedali ilizama mpaka chini. Nilishika gia ya pili nikasimama kando pale penye wauza mananasi, miguu inatetemeka. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani kadri yanavyozeeka. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishavuta unyevu kiwango kinashuka hadi 155, na ikichemka kunakuwa na mvuke ndani ya mfumo wa breki na mvuke unabonyea. Yangu yalikuwa na miaka minne bila kubadilishwa, kosa langu, sikuwa nimemwambia. Sasa tunabadilisha kila miaka miwili, na padi nzuri za mbele 7,500. Nimeshuka huo mteremko mara nyingi tangu hapo na pedali iko juu, ngumu.

Vumbi je? Inasemekana jina Nakuru lenyewe lilitoka kwa Kimaasai likimaanisha mahali pa vumbi, na filta yangu ya hewa inakubali. Tunaipuliza kila kilomita 5,000 na interkula iliyo juu ya injini, ile inayopoza hewa ya turbo, inaoshwa mapezi yake kila sevisi. Oili naangalia mwenyewe kila nikiweka mafuta, hizi injini zinakunywa kidogo kidogo.

Yasiyo mazuri yapo pia. Mzee anachukua kazi nyingi kuliko mikono aliyonayo, akikuambia Alhamisi hesabu Jumamosi. Mvua ikinyesha uwanja unakuwa tope na hakuna pa kukaa zaidi ya benchi moja. Alaimenti hafanyi, unaenda kwingine na ni lazima uende baada ya kugusa shoki, usidanganywe kwamba jicho linatosha. Na mara moja vijana walisahau kurudisha klipu za bampa, nikazisikia zikipiga kelele njia nzima hadi Salgaa, nilimpigia simu akawafanya wazirudishe bila malipo na akaomba msamaha yeye mwenyewe.

Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili wamefunga. Piga kelele langoni, kengele haifanyi kazi. Yangu inarudi mwezi ujao kwa klachi, nimeshaambiwa 38,000 na kazi, na nimeambiwa Alhamisi.