Leso imevalishwa kwa akili unde, jina limepotea

Assalamu alaykum, jamaa zangu. Kabla sijaongea mengi, tazameni mkononi mwangu. Hii ni leso. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, ni maua, pindo lake jekundu, na hapa chini jina, yaani maneno yake: WEMA HAUOZI. Mmelisoma? Sasa tazameni simu hii, mwanamke amejifunga leso hiyo hiyo. Nasogeza karibu. Someni. WENA HAUOIZ. Na hii ya mwisho si zedi wala si herufi yoyote, ni mchoro tu umefananishwa na herufi.

Mwanamke huyo hakujifunga chochote. Picha imetengenezwa na programu ya akili unde (AI) ya kuvalisha nguo. Unaipa picha ya mtu, unaipa picha ya nguo, unangoja kidogo, inakurudishia mtu yule ndani ya nguo ile. Nina duka la nguo hapa Langoni, Lamu, nauza madera, abaya na leso, na wateja wangu wengi wako Malindi, Mombasa na Nairobi. Hawajawahi kuikanyaga ngazi ya duka langu. Wananunua kwa kuamini picha. Ndiyo maana nimekaa wiki tatu na programu tatu, nikizilisha kila nguo iliyo rafuni, na leo nawaambia nilichokiona.

Nianze na kazi yake, maana ukiielewa, makosa yake yote utayatabiri mwenyewe. Programu inamtazama mtu pichani, inatafuta viungo vyake: bega liko wapi, kiwiko kiko wapi, kiuno kiko wapi. Kisha inaifuta nguo aliyovaa, pale panabaki pengo. Pengo hilo inalijaza kwa kuchora upya, ikiitazama picha ya nguo uliyoipa. Shikeni hapo: inachora. Haikati kitambaa ikakibandika. Kila uzi unaouona hapo umekisiwa.

Kwa dera la rangi moja, wallahi, inakisia vizuri. Hili la kijani nililipiga picha limelazwa juu ya shuka nyeupe, nikaipa programu, na kijani kilichotoka ni hiki hiki nilichokishika. Kabla ya hapo, kuonyesha dera moja kwa rangi sita nilikuwa namwomba mtu avae na kuvua mara sita kwenye joto la saa saba. Sasa nakaa chini na simu. Muuzaji mdogo asiye na pesa ya kumlipa mpiga picha anapata nafuu ya kweli hapa, na sitaki mtu amdharau kwa kuitumia.

Picha unayoipa ndiyo kila kitu, lakini. Mtu asimame akiitazama kamera, mikono iachane na mwili kidogo, mwanga uwe laini. Vichochoro vyetu vina kivuli kizito upande mmoja na jua kali upande wa pili, na programu inakichukua kivuli ikakifanya pambo la nguo. Panda darini asubuhi mapema, au kaa barazani jua likiwa halijapanda.

Sasa dera la maua. Hapa ndipo nilipoumia. Nilimtumia mama mmoja wa Malindi picha ya dera la zambarau lililovalishwa na programu. Likampendeza, akalipa kwa M-Pesa siku ile ile. Parseli ikavuka kwa boti hadi Mokowe, ikapanda basi, ikafika. Akanipigia: "Mwanangu, nguo niliyoiona siyo hii." Nikaifungua tena ile picha, nikaitazama kwa macho yake. Programu ilikuwa imelibana dera kiunoni! Dera, jamaa zangu, vazi ambalo uzuri wake wote ni kupwaya. Yeye aliona gauni lililokatwa kwa umbo, mimi nilimpelekea dera. Nilimrudishia pesa zake zote pamoja na nauli ya parseli, na haki ilikuwa yake.

Kosa hilo lina asili. Programu hizi hujifunza kwa kutazama picha nyingi za watu waliovaa. Mkusanyiko mmoja ambao watafiti wameutumia sana, VITON-HD, una jozi 13,679 za picha, na zote ni za wanawake wanaotazama mbele na blauzi zao. Blauzi! Hata Google ilipoanza huduma yake ya kuvalisha, Juni 2023 kule Marekani, ilianza na nguo za juu za wanawake, na mwaka 2025 ndipo ikawaruhusu watu wa huko waweke picha zao wenyewe. Chombo kilicholelewa kwa blauzi kitaijuaje leso? Leso ni kitambaa cha mstatili, kama sentimita 150 kwa 110, hakina mkono wala kola. Umbo lake linatoka kwa aliyejifunga.

Kikoi nacho kilitoka kimeshonwa kama sketi, mistari imepinda mahali ambapo kitambaa hakina mkunjo. Abaya nyeusi yenye tarizi nyeusi, tarizi ikafutika, ikabaki nyeusi tupu inayong'aa kama nailoni. Na kofia, basi, kofia hii ya mkono, yenye vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Mzee anayenishonea huikalia miezi. Programu iliitoa na madoa meupe. Sikumwonyesha. Ningemwonyesha kwa uso gani?

Halafu vipimo. Hizi tatu nilizojaribu hazijui kipimo chochote. Nguo ndogo na nguo kubwa zinamkaa mtu yule yule vilevile, hakuna inayombana, hakuna inayoburuza. Kwa hivyo ukiletewa picha yako umevaa nguo fulani, usiichukue kuwa ni dalili kwamba itakutosha. Omba upana wa kifua na urefu kwa inchi, upime na nguo yako ya nyumbani.

Jambo linalofuata nalisema polepole. Wifi yangu alikubali nitumie picha yake, amevaa buibui na mtandio wake. Nikaipa programu, nikachagua nguo ya mikono mifupi, bila kufikiri. Ikamchora mikono wazi, shingo wazi, na nywele zimetoka pembeni. Mikono si yake na nywele si zake, lakini uso ni wake. Aliitazama, akanyamaza, kisha akasema, "Huyu ataonekana na watu, nao watasema ni mimi." Niliifuta pale pale mbele yake. Lakini picha ya asili ilikuwa imeshapanda kwenye kompyuta za wenye programu, na huko mimi sina mkono wa kuifutia. Tangu siku hiyo siweki humo picha ya mtu mwingine. Natumia picha yangu mwenyewe yenye mikono mirefu, au sanamu la dukani.

Wauzaji wenzangu, na hili lina sheria. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni data yake. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Mteja akikutumia picha yake aone atapendezaje, hajakuruhusu uiweke kwenye status.

Kwangu mimi nimeamua hivi. Madera ya rangi moja nitaendelea kuyavalisha kwa programu, na juu ya picha naandika "imevalishwa kwa akili unde", kisha naiambatanisha na picha ya nguo yenyewe imetandazwa. Madera ya maua, ukiniomba tu, na utaletewa picha zote mbili. Leso, kikoi na kofia, hapana. Mtu hununua leso kwa jina lake. Anampelekea mama mkwe, anampelekea jirani aliyemkosea, jina ndilo linalosema. Siwezi kumuuzia ujumbe usiosomeka.

Hii ya WEMA HAUOZI zimebaki pea nne. Anayeitaka aniandikie, nitampigia kwa video niitandaze hapa barazani, asome mwenyewe.