Sanduku la uzito nyuma ya trekta dogo lenye kijiko: nimelitumia, haya ndiyo niliyoyaona

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kabla ya maneno mengi, angalieni hili tairi la nyuma. Kijiko cha mbele kimejaa mchanga mbichi, nakinyanyua taratibu... mnaona? Tairi limeachia ardhi. Kadibodi hii inapita chini yake bila kugusa. Na hapa ni tambarare, trekta limesimama tuli.

Mimi jambo hili lilinikuta kwenye mteremko. Nilikanyaga breki, trekta likazidi kushuka, maana breki za matrekta mengi madogo ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu, nayo yalikuwa hewani. Kilichoniokoa ni kushusha kijiko mpaka kikagusa chini. Nilipotoka kitini miguu ilikuwa inatetemeka. Nawaomba sana msilipuuze hili.

Sasa bidhaa yenyewe, ya kuikandamiza nyuma isinyanyuke. Ni sanduku la chuma linalofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile inayonyanyuliwa na haidroliki. Linakuja tupu, unalijaza mwenyewe. Hili langu kwa ndani lina sentimita 50 kwa 40 kwa 40, yaani lita 80. Ukijaza mchanga mkavu unapata kama kilo 130, ukimimina zege zinakaribia 190. Kabla ya kujaza, soma kitabu cha trekta lako ujue mikono ya nyuma inaruhusiwa kunyanyua kilo ngapi.

Wengi huniuliza: si nifunge tu vyuma kwenye rimu, au nijaze maji kwenye tairi? Tupige hesabu. Chukua mzigo wa kilo 150 kwenye kijiko, sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele (ekseli ni ule mhimili unaobeba magurudumu), na kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimita 120. Ekseli ya mbele inageuka kuwa mhimili wa pembea. Mzigo ule unaichomoa nyuma kilo 100 na kuzibebesha mbele, juu ya zile 150 zake. Kwa hiyo mbele imeongezewa 250.

Funga kilo 120 za vyuma kwenye rimu za nyuma. Nyuma inatulia, tairi zinashika, lakini mbele bado kuna 250 zilezile. Kilo hizohizo 120 ziweke kwenye sanduku, sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, na sasa hiyo ndiyo mhimili wa pembea: nyuma inapata 180, mbele inapunguziwa 60. Stelingi inalainika, na beringi na pini za magurudumu ya mbele zinapumua. Uzito uleule, mahali tofauti! Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kununua sanduku.

Maji kwenye tairi siyakatai. Yanakaa chini, yanasaidia trekta lisilale ubavu, ila penye baridi kali huganda. Chumvi ya kalsiamu huzuia kuganda, lakini ikivuja inakula rimu. Ukiweza, tumia vyote viwili, tairi na sanduku.

Kasoro nilizoziona. Moja imenikera kweli: chini halina tundu la kutolea maji. Mvua iliponyesha, mchanga ulilowa na kutu ikaanza kwenye pembe hii hapa, tazameni. Nimetoboa matundu mawili mwenyewe. Pia ni fupi, ningependa litokeze nyuma zaidi ili uzito uvute vizuri. Lakini pini zinaingia bila kugongwa, na miguu yake inalisimamisha vizuri ukilifungua.

Likiwa limefungwa, ukikata kona mkia unapepea upande wa pili, kwa hiyo chunga nguzo na watu. Na jamani, mtu asisimame nyuma ya trekta awe ndiye uzito. Akiteleza, anaweza kuangukia kwenye njia ya tairi lako. Ukivua mikono ya kijiko, vua na sanduku, la sivyo mbele itakuwa nyepesi na ukipanda mlima itanyanyuka. Hata ukiwa na sanduku, tembea kijiko kikiwa chini, karibu na magoti.

Ningelinunua tena? Ndiyo, ila safari hii ningemimina zege, na kabla halijakauka ningesimamisha mabomba mawili ya plastiki ndani yake, niwe nachomeka sepeto na mtaimbo.