Bima ya safari pale mjini Mwanza: karatasi safi, ila waulize kuhusu ekses, hela unayobeba mwenyewe ukidai

Nianze na bei maana najua ndo mnayoitafuta. Bima ya mdogo wangu ya kwenda Ulaya ilikuwa chini ya nauli ya ndege ya Mwanza Dar, kwenda tu, na yangu ya kuzunguka ziwa ilikuwa chini ya hapo tena. Kwa hiyo anayekwambia bima ya safari ni mambo ya wazungu huyo hajawahi kuuliza, kaogopa jina tu. Ofisi yenyewe siitaji maana bado tunadaiana na ntaeleza huko chini, ila ni ofisi ya ghorofani, meza moja wanauza tiketi za ndege, bima za magari na hizi za safari, feni moja, kiti cha mteja kimoja, mwingine unasimama.

Nilikuwa na safari mbili za kupanga kwa mpigo. Yangu mimi ni ya begi mgongoni, kwanza nizunguke ziwa, yaani Mutukula, Kampala, Jinja, Busia, Kisumu, niingilie Sirari nirudi nyumbani, alafu baadae nishuke kusini Tunduma, Zambia, Botswana mpaka Cape Town, miezi kadhaa, huko kote Mtanzania anaingia bila viza ya kuomba kabla. Na mdogo wangu wa kike anaenda Ujerumani kukaa na familia mwaka mmoja analea watoto huku anasoma Kijerumani, au pair wanaita. Safari mbili, bima mbili tofauti kabisa, na hapo ndo ofisi hii niliona ina faida na ina kasoro zake.

Faida ya kwanza niliiona kwa mtu mwingine. Nimekaa nasubiri, kaingia kijana wa Igoma, kasalimia mwangaluka vizuri tu, anataka bima ya mwaka ya kwenda Australia, ile viza ya likizo yenye kazi, unachuma matunda mashambani huku unatembea. Anasema ajenti wake kashamwambia viza iko tayari inasubiri bima tu, na huyo ajenti kashakula advansi. Dada wa mezani angeweza kumuuzia, nani angemjua? Badala yake kageuza kompyuta, kafungua tovuti ya serikali ya Australia, kamuonyesha orodha ya nchi za viza hizo, ziko mbili, 417 na 462, akamwambia kaka tafuta Tanzania hapo. Kijana kashuka na kidole mpaka mwisho, karudi juu, kashuka tena. Haimo. Kenya nayo haimo. Hata ile ya vijana ya Uingereza hatumo, na ya Kanada vilevile. Akamwambia usilipe tena hata shilingi, na kama ni kazi za nje nenda TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ukaulize huyo ajenti ana leseni au hana. Kijana katoka pale bila bima. Mimi nikajisemea hawa watu ntanunua kwao.

Maana ukweli ndo huo, kwa pasipoti yetu kijana anayetaka kwenda nje kukaa muda mrefu na kufanya kakazi njia halali ni chache na kila moja ina masharti yake. Hii ya kulea watoto Ujerumani unatakiwa uwe na miaka 18 ila hujafika 27 siku ya kuomba, Kijerumani angalau A1, familia inakupa chumba, chakula na hela ya mfukoni euro 280 kwa mwezi, kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Alafu kuna ile ya kujitolea mwaka, unapewa posho na mambo ya bima wanabeba wao. Mshahara wa kujenga nyumba Buswelu haupo humo, msidanganyane.

Sasa kwenye bima ya mdogo wangu ndo nikajua kitu ambacho watu wengi wanachanganya. Familia ya kule kisheria ndo inayomkatia bima ya ugonjwa na ajali. Sisi huku kazi yetu ni kufunika siku za mwanzo, kuanzia anakanyaga kule mpaka ile bima yao ianze. Dada akatuuliza barua ya familia inasema bima inaanza lini, tukaiangalia, akatukatia fupi yenye siku za akiba juu yake. Angetaka angetuuzia ya mwaka mzima na tungelipa tu maana tulikuja tunajua ya mwaka ndo inayotakiwa. Kiwango ni euro 30,000 kwenda juu, iwe na matibabu ya dharura, kulazwa na kurudisha mtu au mwili nyumbani, na iandikwe kabisa kwamba inatumika nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, ambazo sasa ziko 29. Kuna bima zimeandikwa dunia nzima alafu ukisoma chini Marekani na Kanada zimetolewa, hizo kwa Ulaya hazina shida, ni bei tu imeshushwa.

Hapo kwenye kurudisha mwili wengine huwa wanaona ni uchuro hata kusoma. Mie nimeshakuwa kwenye vikundi vya wasap vya michango ya kumrudisha mtu kafia nje, watu wanahesabu elfu mbili mbili, orodha inanakiliwa inaongezwa majina, wiki inapita ya pili inapita na mama yuko Magu anasubiri. Kwa hiyo hicho kipengele nakisoma cha kwanza, naangalia kina kiwango chake peke yake au kinakula humohumo kwenye cha matibabu. Kwetu kilikuwa peke yake. Vizuri.

Tukakwama kwenye jina. Ukoo wetu unaanza na Ng' ile ya Kisukuma yenye kikoma, na mfumo wao wa kompyuta haukitaki kabisa hicho kikoma, ukikiweka unakataa kwenda mbele. Dada kaandika bila kikoma, lakini akaweka na nafasi katikati, NG kivyake na jina lililobaki kivyake, ikawa kama majina mawili. Ubalozini hilo ni tatizo. Tukafungua pasipoti, ukurasa wa picha ule mstari wa chini wenye alama za mishale, pale jina limeungana halina kikoma, nikamwambia fuata hapo dada, akafuta akaprinti upya bila kununa. Wenye majina kama yetu hakikisheni hapohapo mezani, msiende kukumbuka mko Dar foleni ya ubalozi wa Ujerumani pale Umoja House.

Sasa yangu mimi ya begi. Hapa ndo pana utamu. Nilitaka bima moja ndefu inifunike ziwa na kusini kwa pamoja, nikaona kuna ile ya mwaka mzima safari nyingi, bei nzuri, nikasema hii hii. Dada kanisimamisha. Mwaka mzima maana yake ndani ya mwaka unaweza kusafiri mara nyingi, lakini kila safari moja ina kikomo cha siku, ya kwao ilikuwa 90, siku ya 91 uko nje na huna kitu. Na ile ya safari moja ndefu nayo ina lake, ukisharudi nchini kwako imeisha, hata kama tarehe bado ziko mbele. Ni kama daladala, ukishashuka Buzuruga huwezi kurudi kupanda kwa nauli ileile. Mimi na ramani yangu nzuri ya kuingilia Sirari kupumzika nyumbani alafu niendelee Tunduma ningekuwa nimetembea Zambia yote bila bima na karatasi mfukoni inasoma tarehe nzuri kabisa. Wakanipa akili, kata fupi ya ziwa, rudi, alafu ndefu ianze siku unayovuka Tunduma. Hii wala haijaandikwa kwa herufi kubwa popote.

Maswali mengine nilimuuliza nikiwa nimeshika ile karatasi ya mambo wasiyolipa, na huwa naanza na hiyo kabla ya ile ya mambo wanayolipa. Boda Kampala? Ukiwa abiria wanalipa, ukiendesha mwenyewe bila leseni ya pikipiki hawalipi. Maboti ya maporomoko pale Jinja, na kuruka na kamba pale darajani Victoria Falls? Hawalipi, labda uongeze hela kwenye kipengele cha michezo ya hatari. Umelewa? Hawalipi. Kazi? Hapo sikilizeni, kazi za mikono, shamba, ujenzi, jikoni, nyingi hawazifuniki, kwa hiyo mwenye mpango wa kutembea huku anaokota vibarua aseme wazi na aandikiwe, asiseme anaenda kutalii.

Na moja ya kwetu watu wa ziwa ambayo dada hakuijua mpaka nilipomuuliza, kichocho. Mtu kakulia Ukerewe au Kome, kaoga ziwani tangu utoto, anaweza kuwa nacho mwilini na hajijui. Akiugua kule nje kampuni inaweza kusema huu ugonjwa ulikuja nao, na ugonjwa uliokuja nao hawalipi. Kapime, kunywa dawa, weka cheti cha kipimo na tarehe kwenye begi. Ukiogea ziwani upande wa Jinja nako dalili zinaweza kuja wiki kadhaa baadae uko sebuleni kwako, bima ishaisha. Huyo dada alipiga simu Dar kuuliza na majibu yakaja ya kuzungukazunguka, hapo nawapa alama ndogo. Chanjo ya homa ya manjano walinikumbusha wenyewe lakini, kitabu kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na tangu 2016 ni cha maisha, Uganda wanakitaka mpakani.

Kitu cha mwisho kabla sijalipa nilipiga ile namba ya dharura palepale kwenye kiti. Haikwenda. Kumbe waliyonipa ya kwanza ni ya bure ya kupigia ukiwa ndani ya nchi, sasa mimi nikiwa hoi Livingstone ntaipigaje? Wakatafuta ya kimataifa, ikaita, akapokea mtu akaniuliza namba ya bima. Hiyo namba ndo bima yenyewe, maana masharti yanasema uwapigie kabla hujalazwa, usipowapigia wanaweza kukataa bili yote.

Haya, tuje kwenye ugomvi. Ziwa nimelizunguka, daraja la Kigongo Busisi nimelipita juu kwa dakika chache pale tulipokuwa tunalala foleni ya feri, safari nzuri. Nimefika Kampala jino likaamka. Usiku kucha sijalala. Nikawapigia, wakaniruhusu, meno wanalipa ya kutuliza maumivu na kung'oa tu, mambo ya kofia ya jino sahau. Daktari akanituliza akasema likirudi ling'olewe. Likarudi Kisumu, nikang'oa. Nimekuja nyumbani na risiti halisi zote mbili, ripoti za madaktari, nakala za mihuri ya pasipoti, nikajaza klemu, yaani fomu ya kudai hela. Hela imekuja, sikatai, imekuja baada ya kukumbushana sana ila imekuja. Lakini wamekata ekses, ile hela ya kwanza unayobeba mwenyewe, mara mbili! Kampala wamehesabu tukio, Kisumu tukio lingine. Jino lilelile, upande uleule, bima ileile. Kilichobaki hakifiki hela ya sato wawili wa kuoka pale Kirumba.

Siku ya kununua neno ekses halikutamkwa pale mezani, nimejaribu sana kukumbuka. Limeandikwa, ndio, ukurasa wa nyuma, kajisanduku kadogo. Lakini nyie mnaotaja vizuri mpaka siku ya 91 mnashindwaje kumwambia mteja dola hizi ni zako kila tukio? Kwa ugonjwa mdogo wa njiani bima ya hivi haikusaidii kitu, inakusaidia ukivunjika mguu, na hilo mteja angeambiwa angechagua mwenyewe, maana kuna ya ekses ndogo unaongeza hela kidogo tu.

Nimeandika barua kwamba jino moja ni tukio moja. Meneja, mtu mzima, nimempa shikamoo yake tumeongea vizuri, anasema hata yeye anaona hivyo ila uamuzi ni wa kampuni Dar sio wa kwake, na hilo ni kweli, wao ni mawakala tu. Nimemuomba jibu la maandishi, lisipokuja naenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa ushauri nawapa nne kati ya tano, kwa klemu mbili, na ile ndefu ya kusini ntakata kwao tena ila yenye ekses ndogo. Leseni ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, iko ukutani, kava noti, ile hati ya bima yako, unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yako kabla hujatoka, risiti ya EFD wanatoa bila kuombwa, lipa namba ipo. Jumamosi nusu siku, parking hamna, na nendeni na pasipoti yenyewe, nakala ya kwenye simu hawaikubali.