Uzoefu wangu: Pete French Round Barn, Oregon, banda la duara la kufunzia farasi

Wadau mnaokaa Marekani upande wa magharibi, kama hamjafika Pete French Round Barn kule Harney County aisee jipangeni. Kiingilio hakuna, unaingia mwenyewe tu, sema ni mbali, toka mji wa Burns unaendesha saa nzima na zaidi na pembeni ni nyika tupu na mawe meusi ya volkano.

Peter French alikuja toka California mwaka 1872 na ng'ombe kama 1,200 na wachungaji wa Kimeksiko, pesa akipewa na tajiri mmoja anaitwa Hugh Glenn, mpaka akawa mfugaji mkubwa kweli kweli. Sasa ranchi ya saizi ile inataka farasi na nyumbu kibao waliozoeshwa kazi, na kule winta ni theluji na barafu, huwezi kumfunza farasi nje akateleza akavunjika mguu. Ndo likajengwa hili banda, mwishoni mwa miaka ya 1870 au mwanzoni mwa 1880.

Kwa nje paa limekaa kama msonge wa Kagera, pana halafu linapanda katikati. Upana futi 100, mita 30 hivi. Raha yenyewe iko ndani: kuna ukuta wa mawe ya volkano nao wa duara, upana futi 60, humo ndo farasi walikuwa wanafungiwa, na kati ya huo ukuta na mbao za nje kuna njia ya futi 20 inazunguka banda zima. Farasi anakimbizwa humo raundi kwa raundi, kona ya kujibanza hakuna, pa kuteleza hakuna, theluji acha ianguke huko nje. Yaani kazi ndo imechora jengo, hakuna kitu cha urembo pale.

Nguzo nazo mzitazame kwa karibu. Ni mti wa juniper, ndugu kabisa na mtarakwa wetu wa milimani, hauozi kirahisi, na hawakuhangaika kuzinyoosha, ukipitisha mkono unakuta vifundo na mipindo yote ya mti ulivyoota. Ya katikati ndo nene, na juu yake maboriti yanasambaa kila upande kushika paa. Mimi pale nilisimama shingo juu mpaka ikauma.

French mwenyewe alipigwa risasi akafa Desemba 1897, ugomvi wa ardhi na mlowezi, na mahakama ikamwachia aliyempiga. Banda limebaki, nashukuru sana waliolitunza.

Nyota tano. Jazeni mafuta Burns, bebeni maji, na mkipata muda shukeni mpaka P Ranch, ranchi ya French karibu na kijiji cha Frenchglen, kuna banda lake lingine refu la mstatili, mkiona yote mawili siku moja mtaelewa zaidi.